Mzigo Umepokelewa na Mimi

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mtaani Riruta, mchana kweupe, na akili zangu timamu. Usiniulize maana yake. Sijui.

Ninaishi na mama yangu. Macho yake yamechoka, na miwani aliyopimiwa mjini ilikuwa iletwe nyumbani Jumatatu. Jumatatu ikapita. Jumanne mwenye pikipiki ya kuleta mizigo akadai alinipigia nikakosa kushika. Uongo mtupu, simu ilikuwa mkononi! Jumatano eti hakuona geti. Geti la bluu, kubwa kama la kanisa. Siku zote hizo Mama alikaa na Biblia mapajani, akiipapasa tu.

Alhamisi, saa nane hivi, niko kazini Upper Hill, simu ikalia.

"Madam, niko kwa geti yako."

"Leo ndiyo umekumbuka? Mimi niko kazini. Mwachie Mama Kioko, huyo anauza mboga hapo nje."

"Kazini aje, na umetoka sasa hivi nikakupatia? Si ni wewe huyu, na koti ya kijani?"

Nikajitazama. Koti la kijani nilikuwa nimelivaa. Kabla sijajibu, nikasikia mwanamke upande wa pili akimwambia, "Asante, uende salama."

Sauti ilikuwa yangu. Wewe umewahi kuisikia sauti yako ikitoka mahali ambapo hupo? Simu ikakatika. Nikipiga, hapatikani.

Niliomba ruhusa, nikachukua pikipiki mpaka nyumbani, roho mkononi, kwa sababu Mama alikuwa peke yake. Mama Kioko aliponiona, aliacha kukata sukuma.

"Kwani umetokea wapi? Si umeingia saa hii na mzigo, na nikakusalimia?"

Nikampita mbio. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Mama alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, miwani machoni, akisoma kwa sauti. Boksi lilikuwa limekunjwa vizuri, likawekwa kando. Mimi huwa nararua tu.

"Umetoka nje saa ngapi tena?" akaniuliza.

"Mama, nani amekuletea miwani?"

Akacheka. "Si wewe? Umenipanguza macho, ukanivalisha, ukanisogeza hapa kwenye mwanga. Ukasema unaingia chumbani kubadilisha nguo."

Nikausukuma mlango wa chumba. Hapakuwa na mtu. Dirisha lina vyuma, na limefungwa. Juu ya kitanda palikuwa na koti la kijani, na niamini, lilikuwa bado na joto la mwili. Langu liko mgongoni.

Lile la kitandani nililichoma jioni hiyohiyo nyuma ya nyumba, Mama Kioko akiniangalia. Kesho yake nilienda ofisi ya wale wa mizigo. Wakanionyesha sahihi ya aliyepokea. Ningekataa vipi? Ilikuwa yangu.

Yule aliyetia sahihi hajarudi. Lakini kila nikiingia kutoka kazini, Mama hunitazama muda mrefu kupitia ile miwani kabla ya kuitikia salamu. Juzi akaniambia polepole, "Yule mwingine alikuwa mpole."

Kwa hivyo wewe, ukiambiwa umepokea mzigo ambao hukuupokea, usibishane na mtu kwa simu. Kimbia nyumbani. Na ukifika, mshike mzee wako mkono mtoke nje kwanza. Chumbani mtaingia mkiwa wengi.