Tembe za Wanjiru Hazikuwa za Mzunguko

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya miaka ya sabini ambayo nikiikumbuka hata leo, miguu hii ya uzee hutaka kucheza. Mwenye duka la vitambaa alikuja mbio mpaka kwenye baraza yetu pale Majengo, hapa Nyeri, akihema kama mtu aliyefukuzwa na ndovu tangu msituni, akatuambia kwamba tutapigwa picha. Na si picha ya kijivu kama ya kitambulisho. Picha ya rangi. Mpiga picha angetoka Nairobi na kamera yake, atupige sisi mafundi wake watatu tukiwa tumevaa nguo tulizoshona kwa mikono yetu, halafu picha iwekwe kwenye kalenda ya duka, na kalenda itundikwe katika kila hoteli na kila sebule kutoka Kianyaga mpaka Doldol.

Siku hiyo nilishona gauni la mtu likawa na mikono miwili upande mmoja. Nakwambia ukweli, au karibu na ukweli.

Ngoja nikutajie hao watatu. Kulikuwa na mimi, ambaye enzi hizo nilikuwa mwembamba kama sindano, niamini tu. Kulikuwa na Wanjiru, msichana mpole aliyezungumza kana kwamba maneno yanauzwa. Na kulikuwa na Nyambura, mke wa dereva wa lori wa Nanyuki, aliyekuwa na mtoto mchanga aitwaye Wangeci. Mtoto huyo mashavu yake yalijaa hata macho yakakosa mahali pa kukaa. Sote tulipanga vyumba kwa Mama Zainabu, mama wa Kiislamu aliyeuza maandazi mlangoni pake na kujua habari za mtaa kabla hazijatokea.

Sasa, furaha ya picha ilipotulia kidogo, hofu ikaingia. Picha ya kijivu ina huruma, mwanangu. Inaficha. Picha ya rangi humtaja kila mmoja kwa jina lake, na chunusi pia zina jina. Uso wangu wakati ule ulikuwa kama barabara ya kwenda Nanyuki kabla haijatiwa lami. Nzi akitua shavuni alilazimika kwanza kutafuta mahali pa tambarare. Nyambura naye, tangu ajifungue, kidevu chake kilikuwa kimechachamaa kwa chunusi. Ni Wanjiru peke yake aliyekuwa na uso kama sahani iliyotoka kuoshwa.

Na Wanjiru ndiye aliyewahi kuwa na chunusi mbaya kutushinda sote. Zake zilikuwa zile kubwa za ndani, zinazouma hata ukilaza shavu kwenye mto. Alikuwa akijifunga leso mpaka puani, jua au mvua. Shangazi yake akamhurumia, akampeleka kwa daktari. Daktari alimuuliza maswali mengi kuliko askari, kuhusu kichwa, presha, magonjwa ya ukoo wao, na kama kuna mtoto ananyonya. Alipomaliza akampa tembe za kupanga uzazi. Akamweleza kwamba dawa hiyohiyo inayozuia mimba huweza pia kutuliza yale mafuta ya ngozi yanayoleta chunusi, kwa baadhi ya wanawake, na kwamba asitarajie mabadiliko kesho wala kesho kutwa. Wanjiru akameza, akangoja miezi, na uso ukafunguka kama anga ya mlimani ukungu ukiondoka. Alituambia sisi wawili tu, akatuomba tufunge midomo. Msichana ambaye hajaolewa kupatikana na tembe hizo siku zile, mtaa wote ungemhukumu kabla ya chai ya saa nne.

Hapo ndipo mzunguko wetu ulipoingia.

Unajua akina mama wa huku hatuishi bila chama. Chetu kilikuwa cha watu watatu tu, lakini kilikuwa na sheria kali kuliko za bunge. Kila kitu kizuri kilizunguka. Pasi ya makaa ilizunguka. Mwavuli ulizunguka. Viatu vyangu vya kisigino vilizunguka, ingawa miguu ya Nyambura iliingia kwa taabu na kutoka kwa maombi. Mwenye shida kubwa ndiye alianza, kisha zamu ikaenda mbele. Tulijivunia jambo hilo kwelikweli. Kwa hiyo tulipomwona Wanjiru akitoa pakiti mpya ya tembe, mimi na Nyambura tulitazamana, na hatukuhitaji kuambiana neno.

Wanjiru alikataa. Aliirudisha pakiti kifuani na kusema polepole, "Hii nilipimiwa mimi."

"Na ile pasi, ulipimiwa wewe?" nikamuuliza.

Nyambura akacheka mpaka mtoto akaamka. Akamwambia, "Ati sasa kwa sababu uko na uso wa kuingia kalenda, sisi tukae nyuma ya pazia?"

Basi nikasimama nikahutubu kama mbunge aliyebakiwa na siku moja ya kura. Nilikuwa nimeanza masomo ya ngumbaru jioni, yale ya watu wazima, nimefika kwenye kusoma maneno marefu, na hakuna kiumbe hatari duniani kama mtu aliyejifunza kusoma juzi. Nikaichukua pakiti, nikaona vishale vidogo vinavyotoka tembe moja kwenda nyingine, nikaeleza kwa sauti ya mwalimu kwamba vile vinaonyesha njia ya kufuata. Hapo nilipatia. Njia hiyo ilikuwa ya nani, sikujiuliza.

Wanjiru akakubali, kwa sababu kuvunja mzunguko kulikuwa kama kuvunja undugu. Nyambura akaanza, maana alikuwa na kidevu na mume wa kuja mwisho wa mwezi. Mimi ningepata pakiti itakayofuata. Hebu fikiria, mwanangu, mwenye dawa akawa wa mwisho.

Tulianza kumtazama Nyambura usoni kila asubuhi kama watu wanaongoja mahindi yaote. Chunusi hazikusogea hata kidogo. Kichefuchefu alikipata, akasema ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Mimi nilikubaliana naye kwa furaha. Nilikuwa nimeshachagua rangi ya gauni, manjano kama ua la alizeti, nikawa naimba kwenye cherehani.

Kisha Wangeci akaanza kulia.

Mwanzoni tulisema ni tumbo. Baadaye tulisema ni baridi ya Julai. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akarudi tena kwenye titi kwa hasira, akaachia. Nyambura alijikamua mbele yetu na yakatoka matone machache tu. Yeye ambaye wiki chache kabla ya hapo blauzi yake ililowa mtoto wa jirani akilia tu.

Sasa njoo uone njahi, yale maharage meusi ya kwetu. Mkikuyu akisikia mama hana maziwa, hakuna mjadala, ni njahi. Tulipika njahi asubuhi, tukapika njahi jioni, tukapika na supu ya mifupa na uji wa wimbi, mpaka nadhani mashamba yote ya Kirinyaga yalibaki matupu kwa ajili ya Nyambura. Alikula akilia. Maziwa yakazidi kupungua. Yale mashavu ya Wangeci yakaanza kushuka, na macho yake, yaliyokuwa hayana mahali pa kukaa, yakawa makubwa ajabu. Mwanangu, mimi ni mtu wa kutia chumvi, lakini hapa siongezi hata punje. Kulikuwa na asubuhi niliyomshika mtoto yule nikahisi nimeshika shali yenyewe tu.

Majirani walisema ni jicho la mtu. Nyambura akaacha kuzungumza. Aliniambia mara moja tu, bila kuniangalia, "Labda mimi si wa kuwa mama."

Ndipo Mama Zainabu alipoingia chumbani bila kubisha, mikono ina unga wa maandazi. Akamchukua mtoto, akampima kwa viganja, akatugeukia.

"Huyu mama amekula nini kipya?"

"Njahi," nikasema.

"Njahi nimeinusa kwa ukuta siku zote hizi. Nauliza kipya."

Mimi, mwenye hotuba ya kila jambo, nikaanza kukunja shali ya mtoto. Ni Wanjiru aliyeanza kulia, akaenda chini ya godoro la Nyambura, akatoa pakiti na kuiweka kitandani. Mama Zainabu aliitazama, akatutazama mmoja mmoja. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, na hata siku hiyo hakupaza.

"Hata hii mnazungusha?" akasema. "Nyinyi mna mwili mmoja watatu? Vaeni viatu."

Alituongoza mpaka kliniki ya akina mama, sisi watatu nyuma yake kama vifaranga, na mtaa wote ukitazama. Muuguzi aliyekuwa zamu, tulimwita Sista, alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, na alisikiliza hadithi yetu yote bila kutukatiza. Halafu akauliza ni nani kati yetu aliyepimwa na daktari kabla ya kutumia dawa ile. Mkono mmoja ukapanda, wa Wanjiru.

Akaanza na Nyambura. Alimshika bega. "Mama, hujarogwa. Wewe ni mama mzuri. Tembe za aina hii hupunguza maziwa ya anayenyonyesha. Acha leo hii, mtoto umweke kwenye titi kila mara hata ukiona hakuna kitu, na sisi tutamwongezea maziwa mengine mpaka yako yarudi. Ukitaka kupanga uzazi, kuna njia zinazokufaa wewe. Njoo uulize." Nyambura alijiinamia, akalia. Nadhani lile neno la kwanza, kwamba hakurogwa, lilimshibisha kuliko njahi zote.

Kisha Sista akanigeukia mimi. Akaniuliza kama kichwa huniuma. Nikamjibu kwa fahari, maana kichwa changu kilikuwa maarufu. Nikamwambia kwamba kabla hakijaanza, huona vimulimuli vinapita machoni, vimepinda kama mshono wa zigizaga, halafu upande mmoja unapasuka. Nilitaka acheke. Hakucheka. Akanifunga mpira wa presha mkononi, akapima, akapima tena.

"Na zamu yako ya hizi tembe ilikuwa lini?"

"Wiki ijayo, Sista."

Akavua miwani. "Basi mshukuru huyu mtoto kwa kulia. Kwa mtu mwenye kichwa kama chako na presha hii, dawa hii ingeweza kugandisha damu mahali pabaya. Tungekuja kukuona umelala, upande mmoja hausogei."

Nilimtazama Wangeci pale mgongoni kwa mama yake. Nami ndiye niliyekuwa nimemkasirikia kwa kutuharibia siku ya picha.

Mimi nilipewa dawa ya kupaka usoni na nikaambiwa nirudi kuangaliwa presha. Wanjiru alirudishiwa tembe zake, aanze upya kwa utaratibu, na akakanywa vikali asimpe mtu hata nusu. Na maziwa ya Nyambura yalirudi, mwanangu. Yalirudi polepole, kwanza kwa matone, kisha siku moja tukiwa kwenye cherehani Nyambura akapiga ukelele mmoja, akashika kifua, na blauzi ikawa imelowa. Tulicheza pale barazani kama timu iliyoleta kombe. Mama Zainabu aliacha maandazi yakaungua.

Mpiga picha akafika. Alitutazama, akaanza kufuta kioo cha kamera yake. Chunusi zangu zilikuwepo zote, hakuna iliyokosa. Kidevu cha Nyambura kilikuwepo. Hata Wanjiru, kwa zile wiki alizokosa dawa, alikuwa ameota tatu nne za salamu. Akatuomba angalau tumweke mtoto kando, maana kalenda ni ya nguo. Nyambura akakataa kata kata. Akamweka Wangeci katikati yetu, mashavu yamejaa tena mpaka macho yamepotea, na mtu wa kamera akaona heri apige tu aende zake.

Kalenda ikatundikwa. Ikafika Kianyaga, ikafika Doldol. Mwenye duka alirudi kutoka huko akicheka, akasema kuna muuza mbuzi aliyeitazama muda mrefu hotelini, kisha akauliza hayo maziwa yanayotangazwa hapo yanapatikana wapi. Nakwambia hakuna aliyeuliza kuhusu nguo, na hakuna aliyeziona chunusi zangu. Picha hiyo bado iko ukutani kwangu. Miezi ilichanwa yote, sisi tukabaki.

Kwa nini nakusimulia leo? Kwa sababu juzi nilikuta wasichana wawili jikoni mwangu, warembo kama maua ya kahawa, wanakata pakiti ya tembe kwa makasi, nusu yako nusu yangu, ati uso wa mmoja umepona nazo. Sikuwagombeza. Niliketi nikacheka, kisha nikawaambia haya ninayokuambia wewe.

Mwanangu, chunusi si dhambi, na tembe hizo si aibu. Ziliponya uso wa Wanjiru na moyo wake pia, akatupa ile leso. Lakini yeye aliulizwa kabla ya kupewa. Basi nenda uulizwe na wewe. Mwambie daktari kila kitu, kichwa chako, presha yenu, mtoto unayemnyonyesha, hata sigara unayoivuta mama yako asijue. Huenda akakupa hizo, huenda akakupa ya kupaka kama mimi, na ungoje miezi bila kukata tamaa. Rafiki yako mwazime mwavuli, viatu, gauni la manjano. Dawa uliyopimiwa usimpe, hata akikuhutubia kama nilivyohutubu mimi. Na akikwambia humpendi, mshike mkono mwende wote kliniki. Huo ndio mzunguko ninaokubali.

Ngai akuweke na ngozi yenye amani na kichwa chepesi. Ukijaliwa mtoto, maziwa yako yasikauke na mashavu yake yajae mpaka macho yapotee. Na watakapokuja kukupiga picha ya rangi, mwanangu, simama mbele kabisa, ucheke.