Dada Aliyewasomea Wengine Mikataba

Jumatatu nilipigiwa simu kwamba dada yule wa steshenari pale Kashaulili hatunaye tena. Wasomaji wangu wa Mpanda mtamjua bila mimi kumtaja: ukitaka kuandikiwa mkataba wa kuuziana nyumba, ulielekezwa kwake. Nimeumia sana. Alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kutoa nakala alikuwa akimgeukia mnunuzi, akamsomea mkataba wote kwa sauti, kisha akamuuliza funguo atapewa lini, na asipopewa itakuwaje. Niliwahi kumwona muuzaji mmoja akinuna, akachomoa flashi yake na kuhamia duka la jirani. Dada akacheka tu, akamwambia mnunuzi amfuate muuzaji wake akipenda, ila asije kusema hakuambiwa.

Sasa sikieni. Miaka michache iliyopita naye alinunua nyumba huko Mwamkulu, ikiwa bado msingi, kwa mtu anayejenga nyumba za kuuza. Muuzaji alikuwa mzee wa kanisa lake, ndiye aliyesimamia mazishi ya mumewe. Mkataba uliwekwa mezani umeshachapwa, na mimi nilikuwa shahidi. Nilimwona akianza kusoma mstari wa kwanza, akamtazama mzee, akasaini. Na mimi nikasaini. Nyumba ilifika kwenye lenta, juu ya madirisha, ikasimama. Kila alipouliza aliambiwa avute subira, na kwenye karatasi hapakuwa na tarehe yoyote ya kumbana mtu. Siku moja nilimuuliza ilikuwaje, yeye anayewasomea wote, asisome wa kwake.

“Kaka, ningeusomaje mbele ya baba yule? Angeona namwita mwizi. Niliona aibu.”

Jibu hilo halijanitoka. Mji wetu unakua, nyumba zinauzwa hata kabla hazijajengwa, lakini bado tunanunua kama tulivyokuwa tukigawiana mashamba kule kijijini Litapunga, kwa kupeana mikono. Anayeumia ni mtu mwenye adabu zake, anayeona haya kuuliza. Ndiyo maana natamani sheria imlazimishe kila anayejenga nyumba za kuuza aandike tarehe ya makabidhiano na fidia ya kuchelewa, hata kama mnunuzi ni dada yake wa tumbo moja. Hapo swali litakuwa la sheria, na hakuna atakayeona ametukanwa.

Msiba tuliuweka kwenye uwanja wa nyumba aliyopanga. Nilipokwenda kumpa pole mama yake, alinishika mkono, akaniuliza taratibu, “Mwanangu, si alisema ana nyumba? Mbona tunamlilia kwenye nyumba ya watu?” Mzee wa kanisa alikuwa amekaa karibu, ametoka kuongoza sala. Aibu ilinishika kama siku ile ya kusaini, lakini safari hii nikamuuliza mbele ya watu nyumba ya marehemu itaisha lini. Akasema msibani si mahali pa maneno hayo. Ni kweli. Mahali pake palikuwa pale mezani, kabla sijashika kalamu.