Babu Zetu Walitoka Ng'ambo

Baba alinileta Ujiji kwa baiskeli kutoka Simbo, mimi nimekaa nyuma na begi langu magotini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina pa kwenda. Akanikabidhi kwa mkuu wa nyumba ya makumbusho kama mwali anavyokabidhiwa kwa kungwi. "Mtunze," akasema. Mzee akajibu, "Ameshafika kwao," na habari ikaishia hapo. Nilikuwa nimepata kazi ya kuwatembeza wageni.

Makumbusho yenyewe ilikuwa nyumba ya zamani ya mfanyabiashara, vyumba vitatu na ua. Chumba cha kwanza kilikuwa na majembe ya Waha, vyungu na ngoma. Cha pili kilikuwa na mitumbwi midogo ya mfano, nyavu na mitego ya samaki. Cha tatu kilikuwa na minyororo, shanga, na ramani kubwa ya ziwa iliyochorwa ukutani kwa mkono. Tuliendesha mambo watu watatu: Mzee, mimi, na bibi mmoja wa Ujiji aliyekaa mlangoni na tiketi. Bibi yule alikuwa mjane, mwenye sauti ya kukemea hata anapokukaribisha.

Mzee alikuwa mrefu, mwembamba, mtu wa kofia ya kufuma na viatu vilivyopigwa rangi kila asubuhi. Maelezo yake yaliishia kwenye chumba cha tatu. Hapo aliweka kiganja chake kizima upande wa magharibi wa ramani na kusema, "Babu zetu walitoka ng'ambo. Wengine walikuja wamefungwa, wengine wamejitwika pembe za ndovu, wengine wamekuja kuuza. Wote walishukia hapa, na hapa wakazaa." Kisha akacheka. "Bibi yangu mimi aliletwa mdogo sana, hata jina la kijiji chao hakulijua. Ukimuuliza kwenu wapi, anakuonyesha maji." Watoto wa shule waliyapenda maneno hayo kuliko minyororo.

Halafu vita vikawaka ng'ambo ya ziwa. Mitumbwi ya injini ilianza kufika imejaa watu, magodoro, mbuzi, vyerehani. Walijaa ufukweni, wakajaa viwanja vya shule, kisha malori yakawa yanawabeba kwenda kambini, mbali, upande wa Kasulu. Mwanzoni mji uliwapokea vizuri. Wanawake wa mtaani kwetu walipika ugali wa muhogo kwa masufuria na kuupeleka ufukweni. Lakini watu walizidi kuja, bei sokoni zikapanda, na maneno yakabadilika. Sokoni Mwanga ukaanza msako. Mkimbizi alitakiwa awe kambini, na mkimbizi alijulikana kwa lafudhi. Basi watu wa Ujiji wenyewe, ambao koo zao zilitoka huko karne nzima nyuma, wakaanza kuongea kwa sauti ya chini.

Siku moja nilikuwa nyuma ya kundi la wanafunzi wakati Mzee anaweka kiganja chake kwenye ramani. Mlangoni alisimama kijana mmoja mwenye shati jeupe, afisa aliyekuwa ameletwa kushughulikia mambo ya uhamiaji. Alisikiliza mpaka mwisho. Wanafunzi walipotoka akamsogelea Mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Maneno yako matamu. Jumatatu uje ofisini utueleze na sisi hayo ya bibi yako."

Alisema kwa adabu, akamuaga na Bibi pale mlangoni, akaenda zake.

Jumatatu Mzee alirudi mchana, kofia ameishika mkononi. Walikuwa wamemuuliza kama ni raia. Alizaliwa Ujiji, baba yake alizaliwa Ujiji, alipeleka na wazee wawili wakashuhudia. Wakamwambia wataliangalia. Mpaka hapo asitoke nje ya mji, na kila Jumatatu aripoti.

Jioni hiyohiyo alichukua mkeka kutoka chumba cha kwanza akautundika juu ya ramani. Hakuna aliyemuuliza. Tangu siku ile maelezo yake yakawa mafupi. "Watu wa Ujiji ni wa hapa tangu zamani," alisema, na kuwaonyesha wageni mlango wa kutokea.

Kilichonisumbua zaidi ni ufukwe. Mzee alikuwa na desturi ya kushuka mwenyewe asubuhi kuchagua samaki, migebuka. Sasa akaacha, akanituma mimi. Aliogopa kuonekana amesimama anatazama ng'ambo. Akaacha baraza ya kahawa, akaacha harusi. Alitoka nyumbani kwenda msikitini, msikitini kuja makumbusho, kwa vichochoro vya nyuma. Mtu aliyekuwa akijua kila nyumba ya mji ule sasa aliupita mji kama mwizi.

Na mimi nilibanwa kwa namna yangu. Afisa alinijia siku Mzee hayupo, akakaa kwenye benchi la wageni.

"Wewe ni Muha wa Simbo," akasema. "Huna la kuogopa. Mzee huwa anasema bibi yake ametoka wapi?"

"Mimi bibi yake sikumkuta," nikasema.

"Lakini Mzee umemsikia."

"Nasikia anayowaambia wageni. Anasema watu wa Ujiji ni wa hapa tangu zamani."

Akatabasamu. "Hayo ni ya siku hizi. Ukikumbuka ya zamani utaniambia."

Wakati huo shangazi yangu wa Tabora alikuwa amenitafutia nafasi ya kusomea uuguzi. Nilimwambia Mzee. Akasema, "Nenda, mwanangu. Watasema tu nimekuondoa usiulizwe." Hakusema ili anizuie, namjua. Ila nilipolala nikayageuza maneno yale, niliona ni kweli. Nikamtumia shangazi salamu kwamba siji. Kuanzia hapo kila nikisikia treni inapiga honi ya kuondoka, nilikuwa naingia chumba cha vyungu nisiisikie vizuri.

Miezi ilipita hivyo. Kisha akaja yule binti.

Ilikuwa asubuhi, na afisa alikuwa ndani, amewaleta wageni wake wawili kutoka Dodoma waone makumbusho. Mimi nilikuwa karibu na Bibi wa mlangoni. Binti alikuwa wa rika langu, kitenge kimefifia, ndala za miguu miwili tofauti.

"Jambo yenu," akasema. "Niko natafuta mjomba wangu. Mama alisema anafanyaka kazi ku nyumba ya vitu vya zamani."

Mzee alikuwa na dada mmoja tu. Aliolewa zamani na mchuuzi wa ng'ambo, akavuka naye, akaishi huko, mji wa Baraka. Tulijua hilo sote wawili, na tulimwona dada huyo pale mlangoni, maana binti alikuwa na uso wa Mzee, mrefu, wenye mdomo ule ule. Bibi akamshika mkono. "Nyamaza, mwanangu," akamnong'oneza. "Ndani kuna mtu wa serikali. Ingia, wafuate wageni, usiseme kitu."

Labda tungemzuia nje. Lakini afisa alikuwa ameshageuka kututazama, na kumfukuza mgeni mbele yake kungekuwa neno jingine.

Binti akaingia. Mzee alimwona. Niliona namna alivyopoteza neno katikati ya maelezo ya nyavu, akalitafuta, akaendelea. Walipofika chumba cha tatu akasema yale yake mafupi, akanyoosha mkono kuwaonyesha mlango wa kutokea. Binti hakusogea.

"Baba," akasema, "na batu ba hapa balitokaka wapi?"

Afisa aligeuka aliposikia lafudhi.

"Ni wa hapahapa, binti," Mzee akajibu. "Tangu zamani."

"Hakuna mwenye ndugu ng'ambo?"

Mzee alitazama mkeka. "Simjui," akasema.

Binti alimtazama kwa muda, bila hasira, kama mtu anayejifunza sura. "Aksanti, baba," akasema, akatoka.

"Yule nani?" afisa akauliza.

"Mgeni," Mzee akasema.

Wageni walipoondoka alikaa kwenye benchi la uani, mikono kati ya magoti. Bibi aliacha tiketi zake akamfuata huko.

"Umemjua?"

"Ana mdomo wa dada yangu."

"Na umemwacha aende."

"Ningefanya nini?"

"Ungenyamaza tu. Ukimya hauulizwi uraia." Bibi akajifunga kanga ya pili akatoka. Alimkuta binti ufukweni, amekaa kati ya wanawake wanaoanika dagaa, akamchukua kwake.

Alikaa kwa Bibi wiki kadhaa, chumba cha ndani kisicho na dirisha la barabarani. Mchana hakutoka. Mimi nilimpelekea chakula, wali na dagaa wa mawese, na tulizungumza chini chini. Mama yake alikuwa amebaki Baraka, mgonjwa, hawezi kupanda mtumbwi. Alimwambia, vuka, mtafute kaka yangu, umwamkie. Hakuniuliza hata mara moja habari za mjomba wake. Aliniuliza habari za sokoni, vitambaa gani vinauzwa, watu wanavaa nini. Alikuwa fundi wa kushona.

Bibi alimwambia Mzee apitie mlango wa nyuma, dakika moja tu, amwone mtoto. Mzee alikataa. "Jumatatu wataniuliza," akasema. "Nilishasema simjui. Mdomo huu huu nitaupeleka wapi?" Lakini kila siku aliniletea kitu nimpelekee, sabuni, ndizi, mara moja jozi ya ndala. Nilimwambia binti zimetoka kwa nani. Alizivaa palepale.

Asubuhi moja Bibi alikuta chumba kitupu. Binti alikuwa amekwenda Mwanga kununua uzi. Alikuwa amemwambia mtoto wa jirani kwamba amechoka kuwa kitu cha kufichwa, na kwamba anakwenda na kurudi. Msako ulimkuta kwenye meza ya fundi cherehani, anazungumza. Alifungua mdomo tu wakamjua. Mchana uleule akapandishwa lori.

Mimi ndiye niliyempelekea Mzee habari. Alikuwa anafuta vumbi kwenye ngoma. Aliweka kitambaa chini, akaingia chumba cha tatu, akauondoa mkeka ukutani. Aliukunja vizuri, akaurudisha mahali pake. Jumatatu ilipofika akaniambia twende wote.

Njiani alinieleza atakachosema: yule binti ni mtoto wa dada yangu, na bibi yangu aliletwa kutoka ng'ambo, na mimi ni mtu wa Ujiji. Kama ni kufungwa, wamfunge. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa.

Ofisini tulimkuta mwanamke wa makamo ambaye hatukuwahi kumwona. Mzee alisimama akasema yote, polepole, kama anavyowaambia wageni. Mwanamke yule alimsikiliza, kisha akauliza, "Mzee, kwani wewe una kesi gani?"

Yule kijana wa shati jeupe alikuwa amehamishwa majuma kadhaa nyuma. Jumatatu zote za karibuni Mzee aliripoti kwa karani wa mlangoni, ambaye alimwitikia salamu tu na kumwambia arudi wiki ijayo, kwa sababu alimzoea. Hakuna aliyekuwa akimtafuta. Hakuna aliyejua tangu lini.

"Nenda nyumbani, mzee," mwanamke akasema. "Shikamoo."

Tulipotoka nje alisimama juani. Nilidhani atafurahi. Alisema tu, "Basi ningeweza kumwona."

Tulikwenda kambini baada ya kupata ruhusa, mimi na yeye, nyuma ya gari la mizigo, na samaki wakavu na mawese na blanketi. Nyumba za tope na paa za maturubai zilipangwa mistari mpaka macho yanachoka. Tulimkuta binti nje ya moja ya nyumba hizo, mikono imejaa unga. Alijifuta, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mjomba."

Mzee alitua mzigo wa samaki. Akasema, "Siku ile nilikujua ulipoingia tu."

"Najua. Niliona."

"Na bado unaniamkia."

"Mama alinituma nikuamkie," akasema. "Nimekuamkia."

Mzee alimwambia ataomba kibali arudi naye Ujiji, akae kwake kabisa, mbele ya watu. Binti alitikisa kichwa. Alisema Ujiji atakaa ndani, na kila akitoka atafunga mdomo. Huku kambini hatoki nje ya mipaka, lakini ndani ya mipaka anaongea. Amepata cherehani ya kushirikiana na wanawake wanne. Alitupikia, tukala, akatusindikiza mpaka kwenye kizuizi, penye askari, ambapo yeye hakuruhusiwa kupita. Tulipogeuka alikuwa bado amesimama upande wake.

Mzee alikwenda kumwona karibu kila mwezi, miaka yote aliyokaa kule. Walizoeana. Sijui kama alimsamehe, hawakuwa watu wa kuulizana hivyo. Ng'ambo kulipotulia binti alijiandikisha kurudi, na alipofika Baraka hakumkuta mama yake. Alikuwa amefariki zamani. Habari hiyo ilitujia kwa mdomo wa mchuuzi wa dagaa.

Wakati huo mimi nilikuwa nimekwishakwenda Tabora, nimechelewa, mkubwa kuliko wenzangu darasani. Nilirudi Ujiji likizo nikamkuta Mzee amedhoofika, bado yuko kazini, na Bibi bado yuko mlangoni anakemea. Nikamwambia meli zinakwenda siku hizi, hakuna anayemzuia, avuke akalione kaburi la dada yake na amtazame mtoto.

"Nikivuka," akaniuliza, "nani atanikubalia nirudi?"

Nilimwambia hayo yamekwisha. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayemkubalia mtoto, akaniuliza habari za masomo. Hakuvuka mpaka alipofariki.