Ndege wa Kidole cha Mwisho

Mbawa zilisikika kwanza, ukuta ukiwa bado mweusi. Kisha filamu fupi ya katuni ikaanza, na ndege aliyechorwa kwa mkono akaruka juu ya vichwa vyetu, katika ua wa nyumba moja ya Mji wa Kale. Mwanamke aliyeketi kando yangu alinukia hina mbichi.

Nilipokuwa mdogo, shangazi alinichorea ndege kama huyo kwa hina, asubuhi aliyokwenda Uarabuni kufanya kazi. Kila kidole alikipa ndege wake, mbawa zikipanda na kushuka, ili nikiinua vidole kimoja kimoja aonekane akiruka.

"Tulia, mama," shangazi aliniambia. "Ukicheka utamvunja bawa."

"Gari langoja, nyinyi mwachezea hina," mamangu aliita kutoka chini.

Kilibaki kidole cha mwisho, ambapo ndege angetua. Nilikibana kwa mkono wa pili, maana akimaliza angeondoka.

"Lete kidole."

"Sitaki."

Alinitazama, kisha akaniwekea koni ya hina mapajani.

"Basi muache hewani. Nitakuja kumtua mwenyewe."

Nilisikia viatu vyake vikishuka ngazi. Nilikuwa bado nimekibana kidole, mlango wa chini ulipofungwa nyuma yake.