Neema ametafuna IP ya kompyuta

Mwanangu Neema ametafuna karatasi niliyonakilia namba ya IP ya kompyuta jana, ile anwani yake kwenye mtandao. Sasa hivi tu.

Na fundi yuko Iringa, kwenye simu, anaisubiri ili aunganishe printa. Mama mwenye steshenari ninapofanya kazi, hapa mtaani Soweto, alishasema, printa isipotoa karatasi leo, kesho nisije.

Nikamwambia fundi ukweli.

Akacheka. "Hiyo ya jana huenda imeshabadilika, dada. Fungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, andika ipconfig, unisomee ya leo."

Nikaandika mwenyewe, herufi moja moja. Nikamsomea namba na nukta zake zote.

Printa imetoa karatasi, jamani.

Nyie wenye watoto, huyu nimgombeze kweli?

Naitwa. "Mama Neema, mteja wako huyu." Ni mama mwenye steshenari, kwa hiyo hata kesho nipo.