Lorna Afunga Mdomo Miezi Sita

Lorna Wisniewski huendesha basi la shule mjini kwetu. Ijumaa moja, kanisani kwenye mlo wa samaki wa kukaanga, jirani yake Duane aliruka foleni akabeba kipande cha mwisho. Lorna alimtukana hadi polisi akaitwa, naye Lorna akashtakiwa kwa kufanya fujo hadharani. Akitiwa hatiani, anapokonywa kazi ya basi.

Siku ya kesi, mwendesha mashtaka alimvuta pembeni.

"Mama, kaa miezi sita bila ugomvi, kesi inafutwa. Hupigwi faini, hubaki na doa."

"Na huyu mwizi wa samaki nimwambie lini ukweli wake?"

"Hiyo sita ikiisha, mwezi wa saba."

Mimi niliyemsindikiza nauza magari yaliyotumika, bei nzuri naijua. Nikamnong'oneza, "Dada, kubali kabla hajageuza maneno."

Akakubali. Hakimu aliahirisha kesi kahawa yake ikiwa bado ya moto.

Ila Duane alikuwepo, na masharti aliyasikia. Majira haya ya baridi, kila asubuhi husukumia theluji yake langoni kwa Lorna.

"Umeamkaje, jirani mwema?"

"Salama, jirani," hujibu Lorna, meno yameumana, kisha huchukua beleshi, maana watoto wanasubiri basi.