Kidevu Anajifunza Harusi

Asubuhi moja nilifungua mlango nikamkuta mpangaji wangu wa chumba cha uani anatembea kinyumenyume. Kashika sufuria usoni kwa mikono miwili, jicho moja kalifumba. Akapita mlango wa bafu, akapita kamba ya nguo, akajikwaa kwenye beseni la Mama Pacha na kukaa ndani yake. Maji yote yakamwagika.

"Umeingiwa na nini wewe?" Mama Pacha akamwuliza. Yeye ni jirani yetu, anafua nguo za watu.

"Najifunza harusi."

"Harusi za siku hizi watu wanaoga na nguo?"

Nikatoa kiti changu nje. Tangu nimzike mke wangu sikuwa na jambo la kutazama. Hili nikalitazama.

Binti huyu tunamwita Kidevu. Anafanya kazi studio ya picha ndogo, zile za vitambulisho. Ana stuli, ana pazia jeupe, na ana maneno yake: inua kidevu, usicheke, tulia. Anayasema mchana kutwa mpaka yamemganda ulimini. Hata hapa nyumbani ukimsalimia, anakutazama kama umeinamisha kichwa. Ndiyo jina likamkaa.

Sasa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma alikuwa anamwoza binti yake, akamwita Kidevu apige picha. Harusi hajawahi kupiga hata moja. Kamera ni ya bosi wake. Bosi alikubali kumwazima wiki ile, ila alimpa maneno, na Kidevu akanieleza huku anapepea jiko.

"Ameniambia, ukiharibu usiniombe tena. Utazeeka na stuli yako."

"Kwani ugumu uko wapi? Picha si picha?"

"Babu, kwenye stuli mtu akipepesa macho namrudia. Harusi hairudiwi. Pete ikivikwa imevikwa. Siwezi kumwambia bwana harusi aivue, avike tena, na ainue kidevu."

Nikaelewa. Basi ikawa kila siku nina swali.

Nilimwuliza kwa nini anarudi nyuma kama kaa. Akasema maharusi wanapoingia, yeye anawatangulia, lakini uso wake uko kwao. Kisogo hakina macho, kwa hiyo miguu lazima ijifunze. Viatu vya kisigino alivirudisha chini ya kitanda, akavaa raba. Akaenda, akarudi, akaenda. Mama Pacha, kwa ukorofi wake, akawa analihamisha beseni kila mara. Kidevu akalipapasa kwa kisigino, akalizunguka, akaendelea.

"Huyu kashindikana," Mama Pacha akasema.

Kamera ilipofika, sufuria ilirudi jikoni. Kidevu akaja kuniomba shuka jeupe na koti langu jeusi. Koti lile mara ya mwisho nililivaa makaburini. Nilimpa. Mama Pacha akafungwa shuka kuwa bibi harusi, mimi nikasimama kando na koti langu. Akatupiga, akatuonyesha. Shuka lilitoka la kijivu, kama maji ya kufulia.

"Hilo nimefua mimi," Mama Pacha akasema. "Usiniharibie kazi."

"Si wewe. Kamera ikiona weupe mwingi inaogopa, inaupunguza. Lazima niilazimishe."

Akazungusha kitu kidogo juu ya kamera, akapiga tena. Safari hii shuka likawa jeupe, na koti langu likaonyesha mikunjo yake. Nilishangaa sana. Siku zote nilidhani chombo kile kinaona kama mtu.

"Sasa pete," akasema Kidevu.

Pete ya kuchezea hatukuwa nayo. Yangu haitoki kidoleni. Mama Pacha akaingia kwake, akatoka na pete ya pazia.

"Miaka yote nimengoja bwana," akasema, "kumbe naolewa na dirisha."

"Babu, wewe ndiye bwana harusi."

"Mikono yangu inatetemeka, mwanangu."

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Mabwana harusi wote wanatetemeka."

Inatetemeka kweli. Ilianza baada ya msiba. Chai yangu naijaza nusu kikombe.

Nikainua ile pete. Kidevu akasema, "Tulia, babu." Nikajitahidi, ndiyo kwanza mkono ukazidi kutetemeka. Picha ikatoka kama moshi. Akasema tulia tena. Moshi tena. Mwisho akashusha kamera, akakaa kwenye ngazi ya mlango.

"Nikisema tulia Jumamosi mbele za watu, nimekwisha," akasema. "Na mdomo wangu haujui neno lingine."

Mama Pacha alikuwa amechoka kunyoosha kidole.

"Lete hapa, mume wangu. Nina nguo za kuanua." Akanishika mkono, akaivuta pete mpaka kidoleni kwake.

Mkono ukatulia.

Kidevu akainuka taratibu. "Rudieni."

Tukarudia. Pete ikiwa hewani, mkono unatetemeka. Ikigusa kidole, kimya. Tukarudia tena, vilevile.

"Kumbe," akasema. "Hewani unatetemeka, ukigusa unatulia. Basi sina haja ya kusema. Ni kungoja tu wagusane."

Mkono ni wangu, na mimi nilikuwa sijui. Ulikuwa haujashikwa siku nyingi.

Mama Pacha alipokwenda kuanua nguo zake nilimwuliza Kidevu swali nililokuwa nalo tangu mwanzo. Mbona anajitesa hivi? Stuli inamlisha.

Akafuta kioo cha kamera kwa kitambaa, akafuta tena.

"Ile picha ya bibi," akasema.

Ninaijua. Tulipomzika mke wangu hatukuwa na picha yake nyingine ila ya kitambulisho. Wakaikuza, wakaiweka mbele. Mke wangu alikuwa mtu wa kucheka. Akianza, majirani wanauliza kulikoni. Kwenye picha ile amekaza mdomo kama mtu anayengoja sindano.

"Nilimpiga mimi, babu. Alikaa kwenye stuli anacheka. Nikamwambia usicheke, bibi. Akacheka zaidi. Nikangoja mpaka akaacha, ndipo nikapiga. Ya kucheka sikuipiga."

"Ulifanya kazi yako."

"Ndiyo. Sasa nataka na ile nyingine."

Nikaingia ndani kulitundika koti langu.

Ijumaa alinichukua twende ukumbini, saa ileile ambayo ndoa ingefungwa kesho yake. Alitaka kuona jua linaingilia wapi. Akanisimamisha mahali pa bwana harusi, akarudi nyuma, akakunja uso. Dirisha lilikuwa mgongoni kwangu.

"Hapa wote watatoka vivuli," akasema.

Akamwendea mlinzi wa ukumbi, wakaongea, wakaigeuza meza ya maharusi ikatazama dirisha. Kisha akatafuta pa pili pa kusimama, karibu na nguzo, endapo mtu atamziba. Betri ya akiba akaitia mfuko wa kushoto. Njia nzima kurudi nyumbani alikuwa akiupapasa mfuko huo.

Jumamosi nilikaa nyuma, kiti cha pembeni. Fundi cherehani alinialika kwa ajili ya marehemu mke wangu, walielewana vizuri. Maharusi wakaingia. Kidevu akawatangulia kinyumenyume, na mimi nikawa natazama visigino vyake, si bibi harusi. Ncha ya zulia ilikuwa imejikunja. Akaipapasa, akaizunguka.

Wakafika kwenye pete. Bwana harusi alikuwa kijana mnene, na mkono unamcheza kuliko wangu. Hapo mjomba wa bibi harusi akainuka na simu yake, mgongo mpana kama kabati, akasimama pale pale mbele ya Kidevu.

Nikaona mdomo wa Kidevu unafunguka. Nilijua neno gani linakuja.

Akaufunga. Akahamia kwenye nguzo, akainua kamera, akangoja. Pete ilikuwa bado hewani, inatetemeka. Mimi nimeshika kiti cha mbele yangu. Pete ikagusa kidole. Nikasikia mlio mdogo wa kamera.

Picha nimeiona. Mikono imetulia, kila kucha inaonekana. Nyuma ya mikono bibi harusi anamtazama mjomba wake na simu yake, anacheka mpaka magego. Bosi aliitazama muda mrefu, akasema, "Haya." Kesho yake akaitundika kwenye dirisha la studio. Akamwambia Kidevu kuna harusi nyingine mwisho wa mwezi, na kamera asichelewe kuirudisha.

Siku za kazi Kidevu bado yuko kwenye stuli yake. Juzi nilikwenda kupiga picha ya kitambulisho kipya. Nikiwa kwenye benchi nilimsikia mama mmoja anacheka nyuma ya pazia, kisha kimya. Siku hizi kila mtu anapigwa mara mbili. Ya kwanza ya nyumbani, anacheka; ya pili ya ofisini, ametulia.

Zamu yangu ikafika. Nikakaa.

"Haya, babu. Tuanze na ya nyumbani."

Nilijaribu kucheka. Yeye hakuniambia tulia, wala hakuniambia kidevu. Alishika kamera, akangoja. Watu kwenye benchi wakaanza kukohoa, naye akangoja.

Ya ofisini ilitoka vizuri. Ya nyumbani nilimwambia nitairudia siku nyingine. Akasema stuli ipo.